Mwezi wa kumi katika parseli yetu ya Katuba



Mwanzo wa mwaka huu wa masomo mtoto mmoja darasani alituuliza swali, nasi hatukuwa na jibu tayari. Tulikuwa tunasoma kitabu cha Kifaransa juu ya majira manne ya mwaka. Kuna picha ya theluji, picha ya majani yanayoanguka, picha ya jua kali, na picha ya bustani yenye maua ambayo chini yake imeandikwa « printemps ». Mtoto akainua mkono: « Madame, na hapa Lubumbashi, printemps yetu iko mwezi gani? »

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana tulisoma biolojia miaka mitatu katika Taasisi ya Ualimu, tunafundisha mwaka wa kumi sasa, na hakuna siku tuliyojiuliza jambo hilo. Tulijua tu kusema kwamba sisi tuna kiangazi na masika, basi. Tukawaambia watoto: « Kila mmoja aangalie kwao, tangu leo mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Aandike anachoona kinabadilika. » Na kwa kuwa mwalimu asiyefanya kazi anayoitoa hana haya, nasi tulinunua daftari dogo, tukaanza kuandika yale ya parseli yetu.

Tunakaa Katuba. Wale wasioijua wanasema ni mahali pa vumbi na kelele, na hatutawapinga sana. Lakini parseli za zamani, zile za miaka ya 1950, zilipimwa kwa akili: nyumba mbele, choo nyuma, na kati yao nafasi ya kutosha kwa mti mmoja na vitanda vichache vya mboga. Baba mkwe wetu alipanda mwembe katika nafasi hiyo mwaka wa 1984, mwaka aliozaliwa baba wa watoto wetu. Mzee ametutoka. Mwembe upo, na mama mkwe wetu yupo, tunashukuru. Watoto wanamwita kambo, na sisi pia tumezoea kumwita hivyo. Bustani ni yake. Sisi ni wasaidizi wake, na mara nyingine anatuambia kwamba hatusaidii vizuri.

Sasa tuwaambie shida iliyokuwa nyumbani wakati daftari linaanza, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini tuliandika kwa moyo mzito.

Mtoto wetu mkubwa anamaliza sekondari mwaka huu. Anataka kwenda chuo. Mshahara wa mwalimu mnaujua, na wa baba yake haupiti huo kwa mengi. Mwezi wa tisa baba wa watoto alileta karatasi iliyochorwa na mwashi: vyumba viwili vya kupangisha, pale penye mwembe na vitanda vya mboga. Angalieni avenyu zenu, wamama. Ni wangapi kati yetu ambao nyuma ya nyumba bado kuna mti? Watu wamekata, wamejenga, wanapangisha, watoto wanasoma. Hakuna ubaya. Sisi wenyewe tulikubali. Zamu yetu ya likelemba ilikuwa inafika mwisho wa mwezi wa kumi, na franga hizo zilipangiwa matofali na mabati. Mwashi alisema lazima msingi utoke kabla mvua haijashika. Kambo alisikiliza yote, akasema, « Sawa, ni parseli yenu », akarudi kumwagilia lengalenga.

Kwa hiyo tuliandika tukijua kwamba pengine ni mara ya mwisho.

Juma la kwanza. Joto limefika. Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu asubuhi unavaa makoti mawili, maana mji uko juu, karibu mita 1,200, na baridi ya usiku inauma. Lakini mwezi wa kumi ndio mkali kuliko yote: mawingu hayajafunika anga bado, na bati la nyumba linalia mchana kama sufuria juu ya makala. Kisima chetu kimeshuka. Tulifunga fundo moja zaidi kwenye kamba, kisha fundo la pili. Kambo akatoa amri ya kila mwaka: hakuna kumwaga maji. Maji ya kuosha mchele yanakwenda kwenye nyanya. Maji ya kuogea mtoto, kama sabuni ni kidogo, yanakwenda kwenye mgomba. Maji ya kufulia hayaendi popote penye mboga, maana sabuni nyingi inaharibu udongo.

Siku hiyohiyo tulipanda taksibisi kwenda mjini kuuliza habari za mishahara, na huko katikati ya mji jakaranda zilikuwa zimechanua. Ninyi mnazijua: mti hauna hata jani moja, lakini umejaa maua ya zambarau, na chini yake barabara pia ni zambarau. Miti hiyo asili yake ni Amerika ya Kusini, ililetwa na watu waliopanda avenyu za mji huu ulioanza mwaka wa 1910. Ilikuja kama wageni, lakini imejifunza kalenda yetu. Kila mwaka inachanua wakati udongo umekauka kuliko siku zote. Tuliandika: « Maua ya kwanza hayakungoja mvua. »

Juma la pili. Maembe yamefikia ukubwa wa yai la kuku. Kila upepo unaangusha machache, na watoto wa parseli tatu wanakuja kuyaokota ili wayale na chumvi. Kambo anawafukuza kwa mdomo, halafu anawapa chumvi. Katika kitanda cha kwanza lengalenga imeota. Katika cha pili kibwabwa kinatambaa. Matembele yanafunika ukingo wote wa ukuta. Wadudu wadogo weusi wamekuja kwenye majani. Kambo ananyunyiza jivu alfajiri kabla umande haujakauka, ili lishike. Tulitaka kuwaeleza watoto wetu sababu ya jivu kama walimu, lakini yeye alikuwa amekwisha kuwaeleza: mdudu anapenda jani laini na lenye maji, ukilivika vumbi anakwenda kwa jirani. « Na jirani? » mtoto akauliza. « Jirani naye ana jivu lake. »

Hapa tuseme neno moja kwa wamama wanaolima mjini kama sisi. Mji wetu ni mji wa shaba, na vumbi lake si vumbi la kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa mwaka wa 2009 matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Walikuta kobalti nyingi na madini mengine, na wale wanaokaa karibu na machimbo au viwanda walikuwa na nyingi zaidi. Hatusemi hili ili mwache kulima. Tunasema ili tulime kwa akili. Tusichukue udongo wala mawe ya mahali palipotupwa takataka za machimbo, hata kama ni bure na gari liko tayari kuleta. Tuoshe majani mara tatu kwa maji safi kabla ya kukatakata, si baada. Na karibu na barabara ya malori tupande kile kinachomenywa, si kile kinacholiwa na jani lake. Kwetu kambo anaosha mara nne. Anasema mara ya nne ni ya wajukuu.

Juma la tatu tulisafiri. Si safari kubwa: dada yetu analima pembeni ya barabara ya Likasi, na tulikwenda Jumapili kumsalimia na kuomba gunia la samadi ya mbuzi. Tulitoka asubuhi, sisi na kambo na mtoto wa mwisho, mifuko mitupu magotini. Mji unachukua muda mrefu kwisha siku hizi. Zamani, anasema kambo, ulipita nyumba za mwisho na papo hapo msitu ulianza. Sasa unapita nyumba, halafu kuta za matofali zinazozunguka viwanja vitupu, halafu vichaka, halafu visiki. Wanaume wanakuja upande wetu wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makala, matatu, manne, wameinama mpaka huoni uso. Hatuwezi kuwalaumu. Makala hayo ndiyo yanayopika bukari yetu jioni umeme ukikatika.

Lakini baada ya saa moja na zaidi msitu ukaonekana kweli, na mtoto akapiga kelele: « Mama, miti inaungua! »

Haikuungua. Ilikuwa inatoa majani mapya. Wamama, mwaka huu fanyeni bidii mlione jambo hili. Miti ya msitu wetu wa miombo inapoteza majani wakati wa kiangazi, kisha mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya tone moja la mvua, inavaa majani mapya, na majani hayo si ya kijani. Ni mekundu, mengine rangi ya machungwa, mengine rangi ya shaba iliyosuguliwa. Kilima kizima kinang'aa. Baada ya majuma machache yanageuka kijani kama majani mengine, na anayepita wakati huo hajui kilichokuwapo.

Tulisoma jambo hilo katika Taasisi, tukaandika kwenye mtihani, tukapata alama. Mizizi inakwenda chini sana na kupata maji ya masika yaliyopita ambayo udongo umeyaweka. Mti hausubiri mvua. Unakula akiba yake ili mvua ikifika, majani yawe tayari kufanya kazi. Na ile rangi nyekundu inalinda jani changa na jua kali mpaka likomae. Lakini kuandika kwenye mtihani ni jambo moja, na kusimama pembeni ya barabara na mtoto anayeuliza kama moto utatufikia ni jambo lingine.

Kambo alishuka, akagusa jani moja kwa vidole viwili. Halafu akasema, bila kutuangalia: « Baba yenu aliponileta mjini, nilimwambia sitaweza kukaa mahali pasipo mti. Ndiyo maana alipanda ule. »

Hatukujua neno hilo. Miaka yote tulifikiri mwembe ulipandwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa.

Tulirudi na gunia la samadi, masuku yaliyoanza kuiva katika sahani ya plastiki, na ukimya mwingi. Usiku tulimweleza baba wa watoto. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali la haki: « Na chuo cha mtoto? » Hatukuwa na jibu. Ni rahisi kuulilia mti wakati si wewe unayehesabu franga. Lakini sisi sote wawili ndio tunaohesabu.

Juma la nne. Mbayuwayu wamefika. Wanakaa kwenye nyaya za umeme, mstari mrefu, kama wanafunzi wanaosubiri kengele. Ndege hawa wametoka Ulaya, maelfu ya kilomita, wanakimbia baridi ya kule kule vinakoandikwa vitabu vyetu vya majira manne. Mawingu yanajikusanya kila mchana upande wa mashariki, yananguruma, yanakwenda zao. Kisima: fundo la tatu. Mwashi amepita kupima kwa kamba na vigingi. Kigingi kimoja kiko katikati ya lengalenga.

Siku ile ya kamba na vigingi, kambo aliketi chini ya mwembe tangu saa sita mpaka saa kumi. Jioni alimwita mwana wake, akatuita na sisi, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mchana ule chini ya mti walikaa: yeye mwenyewe, mke wa mpangaji wa jirani na mtoto wake mchanga, kwa kuwa chumba chao chini ya bati hakikaliki, wajukuu watatu na masomo yao, vijana wanne wanaojitayarisha kwa mtihani wa taifa, mtoto wetu mkubwa akiwa mmoja wao, na wamama kumi na wawili wa likelemba, waliokuja kuhesabu franga.

« Franga za nani? » akauliza kambo.

« Zetu, mama », tukajibu. Zilikuwa za zamu yetu.

« Basi. Mtajenga vyumba viwili. Mpangaji atakuja mwezi wa kumi mwakani. Mchana atakaa wapi? »

Hakusema neno lingine. Hakusema juu ya baba mkwe, wala juu ya siku aliyoletwa mjini. Aliweka hesabu tu mbele yetu, kama mwashi alivyoweka yake.

Baba wa watoto alitoka na tochi, akazunguka parseli. Asubuhi alimrudisha mwashi. Chumba kimoja, si viwili, upande wa barabara, kimeegemea ukuta wa nyumba. Mwembe unabaki, ila tawi lake kubwa la kusini linakatwa. Na vitanda viwili vya mboga vinakwenda. Hapakuwa na njia nyingine; tulipima mara tatu.

Hatutawaficha: chumba kimoja kinaleta nusu ya kile tulichotegemea. Mtoto mkubwa tumemwambia ukweli. Karo tutailipa kwa vipande, na mashine ya kushonea tuliyoahidiana tumeiacha mpaka tuone. Yeye alijibu kwamba atafundisha watoto wadogo mazoezi ya jioni chini ya mwembe, kwa franga kidogo. Tutaona.

Tarehe 29, saa tisa mchana, mvua ya kwanza. Kwanza ule upepo wenye harufu ya udongo, kisha matone makubwa yanayotoboa vumbi, kisha kelele juu ya bati hata hatukusikiana. Watoto wote wa avenyu walitoka nje, na mama mmoja mtu mzima ambaye hatutamtaja. Jioni inswa walitoka ardhini, wale wengine wanaowaita kumbikumbi. Tuliweka basani la maji chini ya taa, tukakusanya, kambo akakaanga bila mafuta na chumvi kidogo. Tulikula na bukari. Kesho yake watoto waliamka mapema, wakahamisha miche ya lengalenga kutoka kitandani kwenda kwenye magunia na mabasani yaliyotoboka, wakayapanga chini ya ukuta. Siku mbili baadaye waashi walichimba msingi pale ilipokuwa.

Tulihesabu katika daftari: katika siku 31 za mwezi wa kumi, siku 17 tulikula mboga bila kwenda soko la Kenya. Magunia hayatatupa hizo 17. Tunatumaini kumi.

Darasani watoto walisoma walichoandika. Mmoja: « Mwezi ule ambao mama anasema tusimwage maji. » Mwingine: « Kamba ya kisima inakuwa ndefu. » Mwingine: « Tulikula masuku, tukaumwa tumbo. » Yule aliyeuliza swali alisoma wa mwisho: « Printemps yetu ni wakati kila kitu kinajitayarisha na maji hayajafika. » Tulimpa alama zote, na hatukuongeza neno.

Kwa wale ambao bado wana pembe ya udongo nyumbani, haya ndiyo tuliyojifunza kwa kambo, mtumie mwezi huu mvua inapoanza:

Jaza gunia udongo mweusi na samadi iliyokwisha kuoza, si ile mbichi, maana mbichi inaunguza mizizi. Hamisha miche jioni, jua likishuka. Funika udongo kwa majani makavu ili maji yasikimbie na matone yasirushe matope kwenye mboga. Usichume lengalenga kwa kung'oa. Kata juu, iache ichipue tena. Na ukitaka kukata mti, kaa chini yake kwanza siku moja, tangu saa sita mpaka saa kumi, uhesabu watu.

Mama ambaye kwake kuna mti wa zamani, atuambie siku ya mkutano ni nani aliyeupanda. Tungependa kusikia. Tunawatakia mvua njema.